Bayreuth Hauptbahnhof: mbona mji wenye jina kubwa hauna treni ya kasi, na mama mwenye mtoto anafikaje Jumapili usiku

"Kaka, habari za kazi. Nimepata nafasi ya kusoma masters Chuo Kikuu cha Bayreuth, naanza Oktoba, na nasafiri na binti yangu wa miaka minne. Ndege inatua Frankfurt Jumapili saa 1 na nusu usiku. Nikiangalia kwenye simu naona hakuna treni ya moja kwa moja, lazima nibadilishe Nürnberg, halafu stesheni ya Bayreuth inaitwa Hauptbahnhof ila picha zake naona ni kadogo tu, hamna hata ICE, zile treni zao za kasi. Nimeingiwa na hofu, au nimeangalia mji mwingine? Mwenzangu mmoja aliyesoma huko anasema treni za Wajerumani hazichelewi hata dakika, nikate tu tiketi ya bei rahisi au ile Bayern-Ticket na nitafika usiku huohuo. Mwingine anasema nisithubutu. Nimsikilize nani? Na hiyo stesheni nikishuka usiku nitakuta nini?"

Dada, hongera kwanza, na utulie, hujakosea mji. Bayreuth ni hiyohiyo, ya Bavaria kaskazini, watu kama elfu 70 na kitu, na stesheni yake ni hiyo uliyoiona kwenye picha. Umeuliza mambo mengi ila naona wasiwasi wako hasa ni mmoja, usije ukajikuta umekaa kwenye benchi saa sita usiku na mtoto amelala begani, mabegi mawili miguuni, na hakuna treni. Ni wasiwasi wa haki kabisa na huyo mwenzako wa pili ana hoja kuliko wa kwanza. Lakini ngoja nikueleze kwanza kwa nini stesheni ile iko vile, maana ukishaelewa hapo utaona shida ya safari yako haiko Bayreuth hata kidogo, iko sehemu mbili kabla ya kufika, na zote mbili zinapangika.

Hilo jina la Hauptbahnhof lisikuzuzue. Ni stesheni kuu ya mji husika, basi, haisemi chochote kuhusu ukubwa. Ukubwa wa stesheni Ujerumani unatokana na njia ya reli iliyopita pale miaka mia na themanini iliyopita, na Bayreuth kwenye mgao ule ilipunjwa.

Mambo yalianza hivi. Treni ya kwanza Ujerumani kubeba abiria kwa injini ya mvuke ilitembea Desemba 1835, Nürnberg kwenda Fürth, kilomita 6 tu, injini inaitwa Adler. Watu walivyoona inawezekana kila mtu akataka reli. Ufalme wa Bavaria ukaamua kujenga njia ndefu ya serikali kutoka Lindau kule kwenye ziwa la Bodensee, kupitia Augsburg na Nürnberg mpaka Hof kwenye mpaka wa Saxony, ili iungane na njia ya kwenda Leipzig. Sasa kutoka Nürnberg kwenda Hof kuna milima katikati, na wahandisi wakachagua kuzunguka na mabonde ya mito: Bamberg, Lichtenfels, Kulmbach, halafu kijiji kinaitwa Neuenmarkt. Kutoka Neuenmarkt hakuna tena bonde la kukimbilia, inabidi upande tu, wakajenga ule mwinuko maarufu unaoitwa Schiefe Ebene, karibu kilomita 7 za kupanda zaidi ya mita 150, ukafunguliwa 1848. Enzi za mvuke treni nzito ilikuwa haipandi pale bila injini ya pili kuisukuma kwa nyuma. Upo mpaka leo, treni za abiria zinapita, na chini yake Neuenmarkt kuna makumbusho ya injini za mvuke kwenye karakana ya zamani, binti yako akizoea mpeleke atafurahi.

Ukichukua ramani uchore hiyo njia kwa kidole utaona Bayreuth imeachwa pembeni, kilomita kama 20 kusini. Na ilikuwa makao ya serikali ya mkoa mzima wa Oberfranken! Wenye mji hawakukubali, ikabidi mji wenyewe ugharamie ujenzi wa kipande cha kuunganisha mpaka Neuenmarkt halafu serikali ikakikodi na kukiendesha. Kikafunguliwa Novemba 1853. Kwa hiyo reli ya Bayreuth ilizaliwa ikiwa tawi, na ukweli ni kwamba mpaka leo haijaacha kuwa tawi, hata ilivyoongezewa matawi mengine. Mwaka 1863 ikaja njia ya kwenda Weiden upande wa mashariki, na 1877 ndo ikaja ile utakayopita wewe, ya kutoka Nürnberg kupitia Pegnitz na Schnabelwaid. Jengo la stesheni unaloliona kwenye picha ni la 1879, lilijengwa baada ya njia zote tatu kukutana.

Hapo kati kuna kituko kimoja nakipenda. Tamasha la kwanza la opera za Wagner, yule mtunzi wa muziki wa Kijerumani, lilifanyika Agosti 1876, yani mwaka mmoja KABLA ya njia ya Nürnberg kufunguliwa. Kaiser Wilhelm wa Kwanza, mtawala wa Ujerumani, mwenyewe alikuja kwa treni, Wagner akaenda kumpokea stesheni, wageni wakamiminika toka Ulaya nzima kwenye mji mdogo unaofikika kwa reli za kuzunguka tu, vyakula vikawa vya kugombania, mwanamuziki Tchaikovsky wa Urusi alikuwepo na aliandika akilalamikia shida ya kupata mlo. Kwa hiyo kulalamika kwamba Bayreuth ni mbali na haina treni nzuri si jambo lako peke yako, lina umri wa miaka 150 hivi. Na Wagner alipofariki Venice Februari 1883, mwili wake uliletwa kwa treni mpaka stesheni hiyohiyo.

Vita vya pili vilifika pia, Aprili 1945 mji ulipigwa mabomu mara tatu ndani ya wiki moja na eneo la reli lilikuwa mojawapo ya shabaha. Baada ya hapo ikaja shida nyingine ya kimyakimya, Ujerumani ikakatwa vipande viwili na Bayreuth ikajikuta iko kwenye kona, karibu na mpaka wa Ujerumani Mashariki na wa Czechoslovakia. Biashara ya treni za kwenda Leipzig na Dresden ikanywea. Unaweza kuwa umeona zile picha za Oktoba 1989 za watu wa Mashariki waliokimbilia ubalozi wa Ujerumani Magharibi kule Prague, wakaletwa kwa treni wakilia na kushangilia: treni zile zilishukia Hof, stesheni iliyo juu kidogo ya Bayreuth. Mpaka ukafunguka, watu wakategemea sasa treni za kasi zitakuja huku. Kilichokuja 1992 ni treni za dizeli zinazolala kwenye kona, yani zinainamia upande ili zipite kona kwa kasi, teknolojia ya Waitaliano wa Fiat. Baadaye kuanzia 2001 wakajaribu ICE ya dizeli kati ya Nürnberg na Dresden kupitia Hof, ila zilikuwa na matatizo mengi ya kiufundi, zikaondolewa njia hiyo ndani ya miaka michache.

Kwa nini dizeli? Kwa sababu njia ya Nürnberg kuja Bayreuth haina waya wa umeme mpaka leo hii ninapoandika. ICE za kawaida zinakula umeme, bila waya haziendi popote. Mpango wa kuweka waya umezungumzwa miaka na miaka, Saxony wameshafikisha umeme mpaka Hof tangu 2013, upande wa Bavaria bado. Halafu 2017 walifungua njia mpya ya kasi kati ya Bavaria na Erfurt, München mpaka Berlin sasa chini ya masaa manne, ila inapita Bamberg, na hata Lichtenfels ambako zamani ICE ilikuwa inasimama ikaachwa. Kwa hiyo usishangae Bayreuth kukosa. Kwa maoni yangu ni aibu kidogo kwa mji wenye chuo kikuu na tamasha la kimataifa, ila wewe hupandi maoni yangu, unapanda treni iliyopo.

Na iliyopo siyo mbaya. Mchana kutoka Nürnberg kuna treni za mkoa, zimeandikwa RE, karibu kila saa, na safari ni kama saa moja. Inapita bonde la mto Pegnitz, mahandaki saba mfululizo na madaraja juu ya mto, kona juu ya kona, ndo maana walileta zile treni za kuinama. Kaa tayari na mfuko wa plastiki kwa ajili ya mtoto, nasema kwa uzoefu, watoto wengi tumbo linachafuka pale hasa wakiwa wanaangalia simu. Mkalishe aangalie mbele, dirishani, na asile sana kabla.

Sasa sehemu ya kwanza ya hatari, na hii hakuna anayewaambia wageni. Treni nyingi za RE kutoka Nürnberg zinatoka zikiwa mbili zimeunganishwa, halafu zinaachana Pegnitz. Kipande kimoja kinaenda Bayreuth, kingine kinaenda Marktredwitz na Hof. Kama umewahi kupanda treni ya reli ya kati utaelewa mara moja, ni mambo ya Tabora yale, mabehewa ya Kigoma huku na ya Mwanza huku, ukilala kwenye behewa la mwenzio unaamka ziwa lingine. Tofauti ni kwamba Tabora unapata muda wa kushuka na kunyoosha miguu, hapa Pegnitz ni dakika chache sana na kati ya vipande viwili hakuna mlango wa kupitia ndani, kwa hiyo ukigundua kosa kwa kuchelewa inabidi ushuke jukwaani na mabegi na mtoto ukimbie.

Dawa yake ni kutazama kabla hujapanda. Kwenye jukwaa Nürnberg kuna ubao wa umeme juu, umegawanywa kwa herufi A, B, C na kuendelea, unaonyesha kipande cha Bayreuth kitasimama kwenye herufi zipi. Nenda simama hapohapo. Treni ikija, ubavuni na ndani ya kila kipande kuna kibao cha umeme kimeandikwa inakoishia, soma, isipoandikwa Bayreuth usiingie hata kama watu wote wanaingia. Ukisikia kwenye spika neno Zugteil au geteilt jua wanaongelea jambo hilo. Na ukikaa muulize jirani, "Bayreuth?", neno moja tu linatosha, watu wa huko wamezoea kuulizwa.

Na ikitokea umekosea pamoja na yote hayo, usishuke stesheni ya kwanza unayoiona kwa hofu. Kipande cha Marktredwitz kinapita Kirchenlaibach, na hapo inapita pia njia ya Weiden kwenda Bayreuth ninayokwambia ilijengwa 1863, kuna vitreni vidogo vya kampuni ya agilis, dakika kama 20 unaingia Bayreuth. Tiketi yako ya mkoa inakubalika humo. Mchana ni usumbufu mdogo tu. Usiku wa manane ni habari nyingine.

Ambayo inatuleta kwenye sehemu ya pili, saa za ndege yako. Huyo mwenzako anayesema treni za Ujerumani hazichelewi labda alisoma zamani sana. Mwaka 2024 treni za masafa marefu za Deutsche Bahn, shirika la reli la Ujerumani, zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 62.5, na "kwa wakati" kwao ni kuchelewa chini ya dakika 6, na treni iliyofutwa kabisa haihesabiwi kwenye hiyo hesabu. Reli wanazikarabati kila kona. Kwa hiyo panga safari kama vile treni ya kwanza itachelewa nusu saa, isipochelewa unakunywa chai Nürnberg.

Hebu tupige hesabu yako. Ndege imegusa saa 1 na nusu usiku, kwenye ratiba zao ni 19:30, uzoee hizo saa 24 usije ukachanganya na saa zetu. Uhamiaji, mabegi, choo cha mtoto, kutembea mpaka stesheni ya treni za masafa marefu ya uwanjani (Frankfurt uwanja wa ndege una stesheni mbili, wewe unataka ile ya Fernbahnhof, ile nyingine ni ya treni za mjini), hapo ikienda vizuri ni saa 3 usiku. ICE mpaka Nürnberg ni masaa mawili na ushee. Unafika saa 5 na nusu hivi kama kila kitu kimenyooka, na saa hizo Jumapili treni za kwenda Bayreuth zimebaki za kuhesabu kwa kidole kimoja. Ikipotea hiyo ni mpaka alfajiri. Inawezekana kwenye karatasi, ndiyo. Peke yako kijana na begi la mgongoni ningekwambia jaribu. Na mtoto wa miaka minne ambaye mwili wake umetoka kwenye ndege ya usiku au ya siku nzima, mimi ningelala njiani.

Wapi? Una chaguo mbili. Ulale palepale uwanja wa ndege Frankfurt, hoteli zake ni ghali ila huhami usiku. Au uende mpaka Nürnberg kwa ICE ulale karibu na stesheni, hoteli ni nyingi kutembea dakika chache, asubuhi una saa moja tu imebaki na treni zipo kila saa. Mimi ningechukua la pili, kwa sababu ndege ikichelewa bado una hoteli ya kufikia mradi uwaambie mapema kwamba utaingia usiku sana, na Jumatatu unaingia Bayreuth mchana kweupe, ofisi ziko wazi, mwenye nyumba au wa bweni yuko kazini kukupa funguo. Maana hata ukifika saa saba usiku, nani atakupa funguo? Hilo watu hawalifikirii kabisa.

Tiketi sasa. Bayern-Ticket ni ya jimbo la Bavaria na ya treni za mkoa tu, Frankfurt iko jimbo la Hessen na ICE haihusiki, kwa hiyo kutoka uwanja wa ndege haikusaidii. Na siku za kazi inaanza kufanya kazi saa 3 asubuhi. Ingekuwa umetua München, hapo ungeitumia vizuri sana, kuna treni ya mkoa ya München kwenda Nürnberg inayopita kwenye reli ya ICE yenyewe, inakimbia mpaka kilomita 200 kwa saa kwa tiketi ya kawaida. Lakini ndo umeshakata Frankfurt, yaishe. Deutschland-Ticket nayo, ile ya mwezi iliyoanza 2023 kwa euro 49 na ambayo imepanda tangu hapo, ni ya treni za mkoa, mabasi na metro nchi nzima lakini siyo ICE, na ni ya kujiunga kila mwezi, inajirudia yenyewe mpaka uifute, na kuifuta ni kabla ya tarehe 10 ya mwezi husika. Ukiwa mwanafunzi ulizia kwanza chuoni kuna mpango gani wa tiketi ya wanafunzi kabla hujajiunga popote.

Kwa hiyo ICE ya Frankfurt kwenda Nürnberg unakata ipi? Kuna ya bei rahisi, Sparpreis, imefungwa na treni moja maalumu, ukiikosa kwa sababu ndege imechelewa hela imeenda, wao hawahusiki na ndege yako. Kuna Flexpreis, ghali zaidi, unapanda treni yoyote ya njia hiyo siku hiyo. Kwa mtu anayetoka kwenye ndege mimi nasema Flexpreis au, kabla ya hapo, liulize shirika lako la ndege kama wana Rail&Fly, ni tiketi ya treni inayouzwa pamoja na ya ndege na mara nyingi inakuwa nafuu na haikufungi na treni moja. Soma tu masharti yake inaisha lini, kama unalala katikati. Nürnberg kwenda Bayreuth kesho yake usijisumbue kukata mapema, ni eneo moja la usafiri linaitwa VGN, unakata kwenye mashine au kwenye simu asubuhi hiyohiyo, bei haibadiliki kwa kuchelewa kukata. Binti yako ana miaka minne, chini ya sita hawalipi wala hawahitaji tiketi. Ila kiti kwenye ICE ukiweke nafasi, Jumapili usiku zinajaa wanafunzi na watu wanaorudi kazini, na kuna chumba kidogo cha wenye watoto kinaitwa Kleinkindabteil, ukikipata mtoto analala na wewe unanyoosha mgongo.

Faida moja ya kukata tiketi moja ndefu mpaka Bayreuth lazima niiseme, nisiwe nimekupendelea upande mmoja. Ukiwa na tiketi moja ya Frankfurt mpaka Bayreuth na treni yao ikachelewa ukakosa ya mwisho, ni jukumu lao kukufikisha au kukulaza. Ukichelewa kufika saa moja unadai robo ya nauli, masaa mawili nusu, isipokuwa kwenye majanga yaliyo nje ya uwezo wao. Ukikata vipande viwili tofauti haki hiyo inakatika katikati. Ila haki ni kitu kimoja na kuisimamia usiku wa manane kwa lugha usiyoijua ni kingine, na hapo usichukue teksi kwa hela yako ukitegemea watakurudishia, kwanza nenda kwenye dirisha lao la huduma upate karatasi.

Jambo dogo, stesheni za Ujerumani hazina geti wala mtu wa kukagua tiketi mlangoni, unaingia tu mpaka jukwaani. Wageni wanadhani ni bure. Mkagua tiketi anapita ndani ya treni, na ukikutwa huna, faini ni euro 60 au zaidi. Tiketi ya kwenye simu ina jina lako, kwa hiyo pasipoti iwe karibu, usiiweke kwenye begi kubwa.

Ukishuka Bayreuth utakuta nini? Stesheni ya kawaida ya mji mdogo, majukwaa machache, ubao wa ratiba, mashine za tiketi, teksi nje, mabasi ya mji. Dirisha la tiketi kwenye stesheni za ukubwa huo halikai wazi mpaka usiku. Katikati ya mji ni kutembea dakika kama kumi kushuka na barabara ya Bahnhofstrasse, na kituo kikuu cha mabasi ya mji kinaitwa ZOH, hapo ndo unapata basi la chuoni, chuo kiko upande wa kusini. Ukiona watu wenye suti na magauni wanapanda kilima upande wa kaskazini basi ni Julai au Agosti, wanaenda kwa Wagner, wewe Oktoba hutawaona na vyumba vya hoteli vitakuwa na bei ya kibinadamu. Jumapili maduka Ujerumani yamefungwa karibu yote, isipokuwa yaliyo ndani ya stesheni kubwa, kwa hiyo maziwa, mkate na matunda ya mtoto nunua Frankfurt au Nürnberg, usisubiri. Na Kiswahili utakikuta, chuo kile kinafundisha Kiswahili na kimekuwa kikiandaa kongamano la Kiswahili tangu miaka ya 1980, wasomi wa kwetu wengi tu wameshuka kwenye hayo majukwaa na mabegi yao ya unga.

Mwisho kuhusu msaada, maana simu haitoshi kila kitu. Ukikwama Nürnberg, umechoka, mtoto anaumwa, hela imegoma kwenye kadi, tafuta Bahnhofsmission. Ni huduma ya makanisa iliyoanza Berlin 1894 kwa ajili ya wasichana waliokuwa wanakuja mjini kutafuta kazi, sasa iko kwenye stesheni kama mia hivi, Nürnberg ipo, ni bure, hawaulizi dini, watakupa pa kukaa na chai na watakusaidia kupanda treni yako. Saa zao za kufungua zicheki kabla hujaondoka nyumbani. Kama mwili wako hauruhusu kubeba mizigo, mfano una mimba au umefanyiwa upasuaji karibuni, Deutsche Bahn wana huduma ya kusaidia abiria kwenye kubadilisha treni, ila lazima uombe angalau siku moja kabla, siyo ukiwa jukwaani. Mtoto akipata homa kali njiani usiendelee na safari kwa sababu tiketi imeshalipwa, mwambie mhudumu yeyote wa treni au piga 112. Na masuala ya viza na kujiandikisha makazi mimi siyo mtu wake, hayo waandikie ofisi ya wanafunzi wa kimataifa pale chuoni wiki hii hii, na kwenye barua hiyohiyo waulize funguo za chumba utazipata wapi na saa ngapi Jumatatu, halafu ndo uweke nafasi ya hoteli Nürnberg.